Likizo Ndefu, Daftari Mkononi

Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza, ngumu kutekeleza. Mtafiti anakaribia boma au ploti, na kabla hajapiga hodi anatupa jicho moja tu: mtoto yuko wapi, yuko na nani, mikono yake inafanya nini, na nani amemtuma? Amembeba mdogo wake mgongoni, anachota maji, au anafukuza mpira wa makaratasi? Kinachoonekana katika nukta hiyo ya kwanza ndicho kinachoandikwa. Akichelewa kidogo, mama atamwona mgeni na mambo yatageuka: mtoto atapanguswa uso, kiti kitafutwa vumbi, anayelia atanyamazishwa. Nyumba nzima itakuwa imevaa nguo za Jumapili.

Wataalamu wa makuzi ya watoto waliitumia sana mbinu hii nchini Kenya katika miaka ya 1960 na 1970. Wengi wa waliofundishwa kazi ya aina hiyo hawakuwa madaktari wala maprofesa, bali vijana wa chuo.

Mwaka 1966, John Whiting na mkewe Beatrice, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokuwa na mguu mmoja katika saikolojia na mwingine katika anthropolojia, walianzisha kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto jijini Nairobi. Kililelewa na University College, chuo ambacho mwaka 1970 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Akina Whiting hawakuwa wageni wa mambo ya Kenya kabisa. Utafiti wao mkubwa wa miaka ya 1950 kuhusu malezi katika jamii sita za dunia ulikuwa na kituo kimoja Nyansongo, katika nchi ya Wakisii. Safari hii walitaka zaidi ya kukusanya habari na kuondoka nazo. Wanafunzi Wakenya walifundishwa kutazama, kuhoji na kurekodi, kisha chuo kikifungwa wakarudi kwenye jamii walizotoka na kufanya kazi huko chini ya usimamizi wa wakubwa wao. Likizo ikawa darasa.

Eastlands, ile mitaa ya mashariki ya Nairobi, iliingia katika hadithi hiyo kupitia Kariobangi. Mtaa huo ulikuwa mradi wa Halmashauri ya Jiji wa kuwapatia viwanja watu waliokuwa wakiishi kwenye vibanda, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ulijaa familia zilizofika Nairobi kutafuta kazi. Thomas Weisner, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamifu huko Harvard, alifika hapo akiwa na mpango wa kijanja. Alizichukua familia za Waluhya wanaoishi Kariobangi na kuzilinganisha na za ndugu na majirani zao waliobaki Kisa, magharibi mwa nchi. Kwa kuwa kila baba wa mjini alikuwa na mwenzake wa kijijini mwenye umri na elimu inayokaribiana na yake, tofauti zilizobaki kati ya watoto zingeweza kuhusishwa na mji wenyewe.

Aligundua kitu ambacho mama yeyote wa Kariobangi angemwambia bure, lakini ambacho hakuna aliyekuwa amekipima. Familia ilikuwa moja, nyumba zilikuwa mbili. Mama alipanda basi kwenda shambani msimu wa kulima na kurudi mjini msimu ukiisha. Watoto walihamahama naye, au waliachwa kwa nyanya. Kule Kisa mtoto alilelewa na dada na kaka zake wakubwa, nao walikuwa na kazi za kufanya kutwa. Kariobangi chumba kilikuwa kimoja, shamba halipo, ndugu wakubwa mara nyingi wako kijijini, na mama amebaki peke yake na wadogo. Watoto wa mjini walivurugana zaidi na walimganda mama zaidi. Haikuwa suala la mjini kuwa na mama wabaya. Mji ulikuwa umemnyang'anya mama jeshi lake la wasaidizi.

Matokeo hayo yalisomwa na wanasaikolojia waliokuwa wamezoea kudhani kwamba mtoto hulelewa na mtu mmoja, mama, ndani ya nyumba moja. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa ameanza kutazama kwa makini uhusiano wa mama na mtoto miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1954, katika vijiji vya Buganda, na sehemu kubwa ya nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi wake ilianzia Uganda kabla ya kupelekwa kwenye maabara za Baltimore. Afrika Mashariki, kwa maneno mengine, imechangia saikolojia ya dunia kwa muda mrefu. Mara nyingi ilichangia kwa kutazamwa.

Siku hizi mafunzo ya namna ile yana sura rasmi. Nchini Marekani, Shirika la Taifa la Sayansi limekuwa likifadhili utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza kupitia mpango maalumu tangu 1987. Kila Juni wanafunzi wa saikolojia huenda kwenye maabara ya chuo kingine kwa wiki nane au kumi, hulipwa posho na malazi, hukabidhiwa mlezi wa kitaaluma, na mwishoni hueleza walichopata mbele ya bango. Programu hizo huitwa za kiangazi. Nairobi miezi hiyohiyo ni ya baridi na mawingu mazito, watu wanatembea na makoti Jogoo Road, na mwanafunzi wa saikolojia ana jina lake la kipindi hicho: atachimenti. Anatafuta mahali pa kujishikiza miezi miwili au mitatu, anapewa kijitabu cha kujaza kila siku, na mhadhiri anakuja mara moja au mbili kumkagua.

Atachimenti nzuri na utafiti unaolelewa havitofautiani sana. Atachimenti mbaya ni kupiga fotokopi, kuchemsha chai na kupanga mafaili ya wagonjwa. Anayebahatika kuingia kwenye kundi la utafiti anakutana na ngazi za watu: juu yuko mtafiti mkuu, chini yake mwanafunzi wa uzamili au mratibu wa mradi, na chini kabisa yeye. Wiki ya kwanza anasoma makala mpaka macho yanauma. Anafanya mtihani wa maadili ya utafiti mtandaoni na kupata cheti. Anajifunza kwamba bila idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya 2013, hatakiwi kumuuliza mtu hata umri wake kwa jina la utafiti. Anajifunza pia kwamba aliye chini ya miaka 18 hahojiwi kwa ridhaa ya mzazi pekee. Mtoto mwenyewe lazima akubali, na akikataa katikati ya mahojiano, mambo yameishia hapo.

Kisha inakuja hojaji, na hapo ndipo mlezi wa kitaaluma anapoonyesha thamani yake.

Chukua kipimo kimoja kinachotumika duniani kote kupima sonona, kile kiitwacho PHQ, kilichochapishwa na Wamarekani watatu mwaka 2001. Kina maswali mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Je, umepata shida ya kulala? Sasa muulize kijana wa Kayole anayekaa chumba kilicho juu ya baa, pamoja na ndugu wanne. Karibu kila siku, atajibu. Alama 3. Je, umekosa hamu ya chakula au umekula kupita kiasi? Huyu anakula mara moja kwa siku kwa sababu unga umeisha. Je, umeshindwa kutuliza mawazo, kwa mfano unaposoma gazeti au kutazama televisheni? Gazeti gani? Kwa kujibu kwa ukweli mtupu, kijana mwenye afya njema ya akili anaweza kujikusanyia alama kadhaa kutokana na kodi ya nyumba na kelele za jirani.

Msaidizi wa utafiti aliyetoka Kilimani, mtaa wa wenye uwezo, anaweza kuzijumlisha alama hizo na kusonga mbele. Aliyekulia Umoja au Dandora anasita. Anamuuliza msimamizi kama kuna mahali pa kuandika sababu. Swali hilo moja linaweza kubadilisha hojaji, na ndiyo maana watafiti wenye busara huifanyia majaribio kwa watu wachache kabla ya kuipeleka kwa mamia. Lakini kuwa mwenyeji kuna mtego wake pia. Kijana anayehoji kwenye mtaa wake atakutana na mama wa rafiki yake, na mama huyo hatasema lolote la maana kuhusu pombe ya mumewe mbele ya mtoto aliyemwona akikua. Miradi mingi humpeleka msaidizi mtaa wa pili: wa Jericho aende Makadara, wa Makadara aende Kayole. Karibu kiasi cha kuelewa, mbali kiasi cha kutunza siri.

Swali la tisa la PHQ linauliza kama mtu, katika wiki hizo mbili, ameona heri afe au amefikiria kujiumiza. Tafiti nyingi za shuleni huliondoa na kubaki na manane. Sababu si woga wa ukweli. Ukiuliza swali hilo lazima uwe na mtu wa kumshughulikia yule atakayejibu ndiyo, siku hiyohiyo, naye hapatikani kwenye kila shule. Nchini Kenya kulikuwa na sababu nyingine: kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili, na kiliendelea kuwapo hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa akikusanya hojaji kabla ya hapo alikuwa, bila kutaka, akikusanya maungamo ya makosa.

Haya yote yana uzito wa pekee katika mitaa ya mashariki kwa sababu ya yaliyowahi kutendwa kwa jina la saikolojia. Hospitali ya Mathari, pale Thika Road, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Kutokana na aliyoyaona Mathari aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Aprili ya mwaka huohuo, katika Operesheni Anvil, askari walizingira mitaa ya Waafrika ya Nairobi, Eastlands yote ikiwemo, na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa ajili ya kuchujwa. Kwa wazee wa Bahati na Kaloleni, mtu mwenye daftari anayeuliza maswali kuhusu unachofikiri hakuwa mtu wa kukaribishwa chai.

Carothers alikosea kwa kiburi. Saikolojia ya baada yake imekosea zaidi kwa uvivu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alihesabu watu waliotafitiwa katika majarida makuu sita ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, akakuta asilimia 96 wametoka nchi zilizoendelea kiviwanda za Magharibi, na asilimia 68 Marekani peke yake. Katika tafiti nyingi hao walikuwa wanafunzi wa saikolojia wanaotafuta alama za ziada. Yaani sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa Nairobi kama tabia ya binadamu ni tabia ya vijana wa miaka 19 walio karibu na maabara.

Mfano wa karibuni wa wanafunzi kufanya vingine ulianzia upande wa pili wa jiji, Kibera. Tom Osborn, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya kwanza Harvard, pamoja na mwanafunzi mwenzake Katherine Venturo-Conerly, walibuni mpango wa kusaidia vijana wa sekondari wenye dalili za sonona na wasiwasi. Aliyewalea kitaaluma alikuwa John Weisz, profesa mkongwe wa tiba ya kisaikolojia ya watoto na vijana. Waliuita Shamiri. Haukuzungumzia ugonjwa wa akili hata kidogo. Vijana walikutana kwa vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne, wakizungumza kuhusu mambo matatu: kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, kushukuru, na kuishi kwa kufuata yale anayoyathamini. Walioongoza vikundi hawakuwa wataalamu. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari juzijuzi na kupewa mafunzo mafupi.

Jaribio la kwanza lilikuwa na wanafunzi 51 wa shule moja. La pili kubwa, lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, lilikuwa na wanafunzi 413. Nusu kwa kura waliingia Shamiri, na waliobaki walifundishwa mbinu za kusoma katika vikundi vya namna ileile na kwa muda uleule, ili isije ikasemwa kwamba kilichowasaidia ni kukutana tu na kupata mtu wa kuwasikiliza. Makundi yote mawili yalipata nafuu. La Shamiri lilipata nafuu zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Hapa ndipo msomaji wa kawaida anaweza kuona kazi ya mlezi wa kitaaluma: mwanafunzi mwenye bidii angelinganisha waliosaidiwa na wasiosaidiwa, akashangilia. Kumpa kundi la pili kitu chenye thamani, na kukubali kwamba huenda kikaua matokeo yako mazuri, ni nidhamu inayofundishwa na aliyewahi kuumbuka.

Eastlands yenyewe haijapungukiwa na watafiti. Kuanzia mwaka 2002 kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC, chenye makao Nairobi, kilifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani nyumba kwa nyumba, kikiandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Kituo cha Busara, kilichofunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya majaribio ya saikolojia na uchumi, kiliwaalika wakazi wa Viwandani na Kibera kwenye maabara yenye kompyuta za kugusa kioo, ili hata asiyejua kusoma vizuri aweze kushiriki, na malipo yakatumwa kwa M-Pesa. Viwandani, ule ukanda wa mabati kati ya viwanda na Mto Ngong, huenda una wakazi waliowahi kuhojiwa wengi kuliko mtaa wowote wa tabaka la kati jijini. Uchovu unaonekana. Mlango unafunguliwa nusu, na swali linatoka ndani kabla ya salamu kwisha: mtafiti tena, na yale ya mwaka jana yaliishia wapi?

Mwanafunzi anayefundishwa vizuri huandaliwa kwa swali hilo. Anapitia kwa chifu na wazee wa Nyumba Kumi, anatembea na mhamasishaji wa afya ya jamii anayejulikana kwenye ile safu ya milango, na mradi ukiisha anarudi ukumbini kueleza kilichopatikana. Hatua hii ya mwisho ndiyo huachwa kwanza fedha zikipungua.

Fedha pia ndizo huamua ni nani atakayeshika hilo daftari. Programu za Marekani hulipa kwa sababu zilitambua mapema kwamba mwanafunzi wa familia maskini hawezi kufanya kazi ya bure wiki kumi wakati wenzake wanauza burger. Atachimenti nyingi za Nairobi hazilipi kitu. Kinyume chake, mwanafunzi hubeba gharama mwenyewe: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, bando, pengine na bima. Kijana wa Kayole ambaye mama yake anauza mboga anapiga hesabu, anaona afadhali miezi mitatu ya kushika kazi ya mjengo au ya kuuza simu Luthuli Avenue, na kile kijitabu anakitafutia muhuri popote. Nafasi ya utafiti inaenda kwa anayeweza kulishwa nyumbani. Hivyo mtu ambaye angesita kwenye lile swali la usingizi hayupo chumbani hojaji inapoandikwa. Posho ndogo ingebadilisha mengi hapa kuliko semina kumi za kuwahimiza vijana wapende sayansi.

Muda nao ni tatizo ambalo halijapatiwa dawa. Matokeo yaliyoipa Shamiri nguvu ni yale ya mwezi wa saba. Likizo haifiki huko. Mwanafunzi anasaidia kukusanya raundi ya kwanza, anarudi darasani, muhula unavurugwa na mgomo wa wahadhiri, na raundi ya mwisho inakusanywa na mwingine. Weisner alikuwa bado anaandika kuhusu familia za Kenya mwaka 1997, karibu miaka 30 baada ya kufika Kariobangi. Watoto aliowatazama wamekuwa wazazi, pengine babu na nyanya, na viwanja vingi vya nyumba za chini alivyovijua vimeota maghorofa ya kupangisha. Makundi machache yameanza kuwaajiri tena wanafunzi walewale likizo baada ya likizo, ili aliyemhoji mtu Mei mwaka huu ndiye amgongee mlango Mei ijayo.